Kompyuta ya Macho ya Baba

Mwishoni mwa miaka ya sabini baba yangu alikuwa nahodha wa kivuko cha Mahajanga na Katsepy, huko Madagaska. Siku za likizo alinichukua, akanisimamisha mbele yake penye usukani, na kila baada ya muda aliniuliza, "Unaona nini?" Nami nikamtajia: mtumbwi kushoto, fungu la mchanga, mnara wa taa. Niliamini kwamba bila mimi abiria wote wangezama, na yeye hakunitoa kwenye imani hiyo. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tulisema Kingazija na nje Kimalagasi.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimeshaachika na kurudi kuishi naye mtaa wa Antanimasaja, daktari alituambia kwamba macho ya baba yanakwenda. Kilichopotea hakirudi, alisema, na kilichobaki kitaondoka polepole. Njiani baba hakulalamika. Alisema tu kwamba angependa kushika usukani mara moja zaidi kabla ya giza.

Kivukoni wasingemruhusu. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu ambaye, utu uzima wote huu, hucheza michezo ya kompyuta, na wanaonicheka wacheke. Nilikuwa na mchezo wa kuendesha meli. Shida ni kwamba kompyuta yangu kuukuu ilionyesha bahari kama uji uliomwagika, na boya lilikuwa kidoa tu. Baba alihitaji skrini kubwa ya 4K, picha kali, kila kamba ionekane. Nikaapa nitaiunda mwenyewe, tena kwa zamu yangu moja ya upatu wa walimu.

Orodha niliiandika na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka. Picha ikiwa kubwa namna ile, mzigo unabebwa na kadi ya picha, kwa hiyo prosesa nilichukua ya kawaida. Pawa saplai sikuibania, maana mtaani kwetu umeme hukatika unapotaka. Kasha nililipata mtaa wa Mangarivotra kwa fundi, limebonyea ubavu. Taa za rangi, hapana. Spika nazo nilizipiga mstari bila kufikiri mara mbili: palikuwa na kispika kimoja cha redio mbovu, kingetosha. Kila nilichokata nilikitia kwenye macho. Nilijiona mjanja sana.

Kadi yenyewe aliipata kaka yangu, anayefanya kazi hotelini kisiwani Nosy Be. Mgeni mmoja aliyekuwa akipiga picha za samaki alikuwa anahama, akaiuza nusu bei. Shangazi aliyekuwa akija huku kwetu kwa arusi aliibeba mapajani safari nzima, imefungwa ndani ya kanga, na ilipofika ilinukia mlangilangi. Nilimkabidhi baba aishike kidogo, nikaenda shuleni.

Niliporudi mchana niliikuta kadi imelazwa juani karibu na bomba, feni zake zimefunguliwa, inachuruzika maji.

"Baba! Umefanya nini?"

"Nimeiosha," alisema, ametulia kabisa. "Imejaa chumvi. Miaka yote ile imekaa ufukweni. Mashine iliyotoka baharini huoshwa kwa maji baridi kabla ya kuwashwa, hata wewe unajua."

Nilijua. Kivukoni walifanya hivyo kwa kila mashine, na nyumbani tuliosha hivyo hivyo baiskeli na mapanga ya feni. Lakini kadi ya picha! Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Baba akanisikiliza, kisha akaniomba nimtafutie skrubu moja iliyompotea. Ilikuwa mbele ya goti lake, inang'aa. Nilimwokotea kwa hasira, nikidhani ananitania, na siku mbili sikumsemesha ila salamu. Hilo linanichoma hadi leo.

Kadi tuliianika wiki nzima. Ilipowaka mara ya kwanza, feni zikizunguka kimya, nililia machozi ya wazi, nikamwomba baba radhi. Akasema mashine haina kinyongo.

Jumapili baada ya adhuhuri nilimketisha karibu kabisa na skrini, nikampa usukani mdogo wa plastiki. Sijawahi kuona picha nzuri namna ile. Kutu kwenye nanga ilionekana, na jua lilivunjika juu ya kila wimbi.

"Unaona, Baba?"

"Naona, mwanangu. Nzuri sana."

Meli ikaondoka gatini. Mbele palikuwa na boya jekundu, kubwa, katikati ya mchana mweupe. Baba aliliendea moja kwa moja. Nikacheka, nikisubiri ageuze. Hakugeuza. Tukaligonga, naye akashtuka kuliko mimi kwa ule mtikisiko wa usukani mikononi.

"Ongeza sauti," alisema taratibu.

Nikaongeza. Kispika kile kikakoroma, mashine na mawimbi na kengele ya boya vyote uji mmoja. Baba akainamisha sikio, akajaribu, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoikumbuka skrubu mbele ya goti, na ile chumvi, ambayo bila shaka aliijua kwa ncha za vidole.

"Tangu lini, Baba?"

"Kabla ya ile orodha yako." Akavipapasa vitufe vya usukani. "Ulikuwa unanisomea kila jioni, una furaha. Ningekukatizaje?"

Fedha yote niliitia kwenye macho, na masikio yake, kitu pekee alichobaki nacho, niliyapiga mstari. Nilitaka kuizima kompyuta nikalale. Nilitaka pia kumgombeza, kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo.

Baba ndiye aliyenishika mkono, akanivuta nisimame mbele yake, mimi mwanamke wa miaka hamsini na kitu.

"Turudi gatini tuanze upya," alisema. "Haya. Unaona nini?"

Nilipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Boya jekundu, Baba. Mkono wa kulia."

Akageuza usukani kushoto, tukapita.