Tapi Yenye Mwendo wa Mama

Nikifika kwenye uwanja wa ndege wenye ile njia ya mpira inayobeba watu, mimi hupita pembeni kwa miguu yangu, nikiburuta sanduku. Wanangu husimama juu ya mpira wakinipungia mikono kama mawaziri. Mimi nakaza mwendo ili niwahi kufika pale mpira unapozama chini ya chuma, nisimame niwatazame mpaka wa mwisho wao atoke. Wanajua kwamba kazi yangu ni kuchora njia hizo hizo, na ndiyo maana wananicheka zaidi. Wacheke. Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, lakini kwa jambo hili sikasiriki, naogopa tu.

Ya kwanza niliichora Kisangani wakati wa vita. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na cheti cha uchoraji ambacho hakuna aliyekitaka, kwa sababu mwaka ule mji ulikuwa haujengwi, ulikuwa unabomolewa. Majeshi mawili ya kigeni yaligombania mitaa yetu kana kwamba sisi wenyewe hatumo ndani yake. Yakitulia siku tatu, watu walitoka kutafuta muhogo na sabuni. Siku ya nne yalianza tena, na hatukuwahi kujua ni nani aliyeanza.

Mama yangu alikuwa mshonaji katika mtaa wa Mangobo. Aliwashonea nusu ya wanawake wa mtaa wetu, na kwa mikono yake miwili ndivyo tulivyokula, maana mshahara wa papa, baba yangu, ulikuwa umekoma zamani. Siku moja kigae cha bomu kilipita mlangoni kikamkata kisigino, mguu ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani. Kidonda kilikataa kufunga. Sista aliyesimamia wagonjwa alisema waziwazi, mbele ya mama mwenyewe, kwamba asipokuja kusafishwa kila siku ya pili mguu utaoza, na ukioza utakatwa.

Hospitali ilikuwa imejaa, kwa hiyo wenye vidonda walihamishiwa kwenye depo ya zamani ya mchele, ukingoni mwa mto. Depo ile ilijengwa juu ili maji yasiifikie, na uwanja wake ulikuwa chini. Katikati palikuwa na ngazi ya saruji, lakini bomu liliivunja, ukabaki mteremko wa udongo ambao mvua ikinyesha hata mbuzi aliufikiria mara mbili. Mama aliletwa na toleka, baiskeli ya abiria, mpaka uwanjani. Kutoka pale tonton, mdogo wake papa, alimbeba mgongoni. Mara ya pili aliteleza. Waliviringika wote wawili mpaka chini, kidonda kikafunguka upya, na mama akaketi kwenye matope akakataa kuinuliwa.

"Muniache," alisema. "Ule mulima, miye sipandi tena. Mukulu uoze."

Kwetu mukulu ni mguu. Papa alikuwa anatazama tapi.

Tapi ndilo jina tulilouita mkanda mpana wa mpira uliopandisha magunia kutoka uwanjani mpaka mlango wa depo. Ulizunguka juu ya rola za chuma, ukisukumwa na mota iliyokaa chini. Papa alikuwa fundi wake kwa miaka mingi. Tangu vita vianze haukubeba kitu, lakini yeye hakuacha kuutia mafuta, mama akimwita mwendawazimu.

"Kama inabeba gunia ya muchele, itashindwa na mama yako?" aliniuliza. "Bon. Chora."

Nikachora. Kwa mara ya kwanza mtu alikihitaji cheti changu, na ninakiri kwamba nilifurahi, mguu wa mama ukinuka chumba cha pili. Jambo la kwanza lilikuwa mwendo. Tapi ya magunia hukimbia, na gunia halilalamiki. Papa aliuliza mtu apandishwe kwa mwendo gani. Shuleni tulifundishwa jibu la kitabuni, lakini nililisahau kwa hofu ya miezi ile, basi nikachukua mwendo ninaoujua. Tangu utoto nilimfuata mama sokoni, yeye mbele na beseni kichwani, mimi nyuma nikitazama visigino vyake. Nilitembea ndani ya depo kama yeye, papa akihesabu kwa saa yake ya mkononi, kisha akaenda kutafuta puli kubwa zaidi na kuipunguza kasi tapi mpaka ikatembea kama mke wake.

Jambo la pili lilikuwa pa kushika. Nilichora kamba pembeni, kutoka chini mpaka juu, nikaiona nzuri sana. Tonton alipanda kuijaribu. Akaishika kamba kwa nguvu zote, tapi ikaondoka na miguu yake, mikono ikabaki, na kwa muda mfupi alikuwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Tulicheka mpaka sista akatoka kuuliza nani amekufa. Kamba tukaiondoa, watu wakaambiwa washikane mabega.

Jambo la tatu lilikuwa mwisho, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe. Kule juu tapi iligeuka ikaingia chini. Papa aliweka bati nene la chuma pale, mtu akanyage atoke. Mimi nilichora uwazi mwembamba kama ukucha kati ya bati na mpira. Lakini mpira ulikuwa umeungwa kwa pini, na pini ziligonga bati, kwa hiyo papa akaupanua uwazi ukawa wa vidole viwili. Tuliujaribu kwa ndala, kwa buti, kwa kisigino kitupu cha papa mwenyewe. Hakuna kilichoingia. Mama alipouona alisema kama mshonaji, "Na liputa je? Itameza kitambaa." Basi kila mwanamke akaagizwa kukunja pindo la liputa, kitenge chake, na kulibana kiunoni kabla ya kupanda. Tulijiona tumefikiria kila kitu.

Tapi ikafanya kazi siku nyingi. Umeme ulitoka kwenye bwawa la Tshopo, ukija na kuondoka upendavyo. Papa alikaa chini kwenye mota na kuwapandisha watu. Mimi nilisimama juu, mlangoni, penye swichi kubwa ya mkono ukutani. Kazi yangu ilikuwa moja, kuivuta chini kukiwa na hatari. Mama alipanda kila siku ya pili, akisafishwa, na kidonda kikaanza kuwa chekundu badala ya kijani. Sista alisema mguu umenusurika kukatwa.

Sasa, kuna kitu ambacho kila mtu wa Kisangani alikuwa amejifunza miaka ile, na hakuna aliyetufundisha. Ukisikia mlio wa kwanza, unalala. Huangalii mlio umetoka wapi, huulizi kama ni radi. Unalala kifudifudi, pale pale, hata kama ni kwenye dimbwi na nguo yako ni ya harusi. Watoto wa miaka mitatu walilala kabla ya mama zao. Tulikuwa hodari wa kulala. Na mimi, binti wa mji ule, nilipochora njia ya watu wa mji ule, nilichora watu waliosimama.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshawaka. Juu ya tapi walikuwapo watano. Mama alikuwa wa kwanza, amekaribia kufika, hatua kama sita kutoka kwenye bati. Nyuma yake mzee mwenye gongo, kisha wanawake watatu wameshikana mabega. Mama alikuwa ananiambia kitu kuhusu chumvi, kwamba jirani ameipata, nipite kuichukua.

Mzinga ukalia upande wa daraja la Tshopo, wa pili ukalia karibu zaidi, bati la paa likatetemeka, na risasi zikaanza.

Wote watano walilala. Mama alilala kama sisi sote tulivyolala, kifua chini, mikono yote miwili ameinyoosha mbele. Na tapi haikulala. Iliendelea kupanda, kwa ule mwendo wake wa sokoni, ikimpeleka mama kwenye bati, vidole mbele.

Uwazi wa vidole viwili. Buti haliingii, kisigino hakiingii. Mkono wa mtu aliyelala unaingia kama karatasi.

Mimi pia nilikuwa nimelala. Nilikuwa chini ya swichi kabisa, nikipiga magoti tu ningeifikia. Niliona kila kitu. Niliona pete yake, niliona kucha zenye alama za sindano, niliona pini za mpira zikipita chini ya bati moja baada ya nyingine, tk, tk. Mama alikuwa amefumba macho, uso umegandamizwa kwenye mpira, hana habari. Sikupiga kelele. Nikauambia mwili wangu uinuke. Haukuinuka. Risasi ilipiga ukuta juu yangu, vumbi la saruji likanimwagikia shingoni, na nikaubana uso wangu sakafuni. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na mikono ya mama yangu ilikuwa inaingia kwenye chuma, na mimi nilifumba macho.

Nilingoja kumsikia akilia.

Kilichokuja ni kimya cha rola. Nilipofumbua macho, tapi imesimama. Vidole vya mama vilikuwa vimefika kwenye ukingo wa bati, kidole kirefu kikiligusa, kama anayebisha hodi. Taa ya mlangoni ilikuwa imezimika. Ndani ya depo mtu alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba wameshakata umeme tena.

Risasi zilipopungua, papa alipanda mteremko akitambaa kwa mikono na magoti. Alimvuta mama kutoka kwenye mpira, akamkalisha ukutani, akaigeuza mikono yake huku na huku kama anayetafuta kitu. Mama alitazama mikono yake, akatazama bati, akaelewa. Kisha akanitazama mimi.

"Aliamuka," alisema. "Masasi inalia, na mutoto wangu aliamuka, akafunga masini. Papa, umeona? Mutoto wangu!"

Papa alitazama swichi. Ilikuwa juu. Haikuwa imeguswa. Alinitazama mimi, nikiwa na vumbi la sakafu usoni mzima, kwenye paji, kwenye midomo. Alinitazama kwa muda ambao bado ninauishi. Kisha akanyoosha mkono akaivuta swichi chini, polepole, isipige kelele, ili umeme ukirudi tapi isiondoke. Na mimi nikamwacha mama aamini.

Kufikia jioni mama alikuwa ameshamsimulia dereva wa toleka na jirani mwenye chumvi. Kesho yake Mangobo nzima ilijua. Wanawake walikuja kunishika mikono. Mmoja aliniletea ndizi. Nilizila, nikaenda kutapika nyuma ya nyumba. Kila mara mama alipoanza hadithi hiyo, papa alikumbuka kazi uani.

Nilifikiri papa angeniondoa kwenye swichi, na niliomba aniondoe. Umeme uliporudi siku ya pili, mama aliketi uwanjani na mguu wake, akaitazama tapi, na kwa mara ya pili akakataa kupanda. Papa akasema tonton atasimama juu.

"Te, hapana," alisema mama. "Asimame ule aliyeamuka. Akisimama yeye, miye napanda. Akisimama mutu mwingine, mukulu uoze."

Papa alikwenda nyuma ya mota akarudi na ile kamba yangu ya kwanza, iliyomrefusha tonton. Aliifunga kwenye swichi, akaipitisha kwenye pete za chuma pembeni mwa tapi, kutoka juu mpaka chini. Hakuiweka pale nilipoichora, penye kiuno cha mtu aliyesimama. Aliiweka chini kabisa, shubiri moja juu ya mpira, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala ungeikuta wenyewe. Akampandisha mama, akamwonyesha ile kamba, akamwambia, "Ukilala, vuta." Kisha akanipita mlangoni na kusema, bila kunitazama, "Na hii pia, chora."

Nimeichora tangu siku ile. Kila njia ya watu iliyopita mezani kwangu ina kamba au kitufe pale chini, na kila mara kijana fulani wa ofisini huniuliza ni nani atakayelala juu ya njia ya uwanja wa ndege. Huwa ninamwambia aiache.

Mguu wa mama ulipona. Alipanda tapi ile mara nyingi kabla haujapona, nami nikasimama juu, kiganja kwenye swichi, jasho likinitoka, nikisikiliza upande wa daraja. Alipanda mikono imening'inia, kamba ikipita kando ya miguu yake. Hakuiinamia hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi.