Mama wa Mgombea Namuogesha Mimi

Wapendwa, jina langu lifichwe kabisa, maana Wakenya wa hapa Laurel, Marekani, tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na sita, kwetu ni upande wa Kitale, na watoto wangu wawili niliwaacha kwa dada yangu. Ninamtunza bibi mmoja Mmarekani nyumbani kwake. Namuogesha, namlisha, na nalala chumba cha pili. Natoka Jumapili tu, nikichukuliwa kwa gari na Mama Neema, Mkongo wa kanisani kwetu. Ndiye rafiki pekee niliye naye nchi hii.

Bibi ana binti mmoja, wakili, anayegombea useneta wa jimbo. Anashindana na mwanamke mwenzake, mwalimu mjane, na kampeni nzima imekuwa ni nani alimlea nani. Mwalimu anasema alilea wanawe peke yake baada ya mumewe kufa. Bosi wangu, huyo wakili, anasema mama yake alipika shuleni ili yeye asome, na leo anamtunza kwa mikono yake mwenyewe. Ya kupika ni kweli, bibi amenisimulia. Lakini hiyo ya mikono, jamani! Tangu baridi iishe amekuja mara moja, akiwa na mpiga picha. Nilimvalisha bibi gauni la buluu, nikamchana nywele, halafu nikaambiwa nikae jikoni nisionekane. Niliumia sana.

Jumapili iliyofuata, tukinywa chai baada ya ibada, watu wakaanza kuwapima hao wagombea kama tulivyozoea nyumbani: huyu ni wa nani, kwao ni wapi, mamake anakaa na nani. Nikajibu bila kufikiri, maana kwetu hilo ni swali la kawaida tu.

"Huyo wakili? Mamake anakaa na mimi. Yeye hata haji."

Sikujua Mama Neema anamsaidia mwalimu kugawa karatasi za kampeni. Macho yakamtoka.

"Dada, kumbe weye njo unamuogeshaka ile mama! Na ye anadanganya batu! Utaenda ku télé, utasema yote."

Kesho yake watu wa mwalimu wakanipigia simu. Wanataka nikae karibu na mgombea wao mbele ya waandishi, nieleze. Waliniuliza hata majina ya watoto wangu. Tangu nifike Amerika hakuna aliyewahi kuniuliza, nikajikuta nalia kwenye simu.

Lakini bibi anashinda mbele ya televisheni akingoja kumwona binti yake. Siku hizi anasahau sana. Kila jioni ananiuliza, "Amekuja?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, akalia mpaka akakataa chakula. Sasa namjibu, "Alikuja, ulikuwa umelala. Alikubusu kwenye paji la uso." Basi anatabasamu, anakula. Nikienda kuongea na waandishi atanisikia mimi, kwa sauti anayoijua, nikisema binti yake haji.

Nilipomweleza Mama Neema hayo, alikasirika. "Ule wakili akishinda na bongo, ni juu yako. Weye uko upande gani?" Nikamwambia huo uongo si wangu, mimi hata kura sina. Akakata simu. Jumapili iliyopita nilivaa kitenge changu nikasimama dirishani kumngoja, mpaka saa ya ibada ikapita. Bibi akaniuliza, "Unamngoja nani?" Nikamwambia simngoji mtu.

Uchaguzi umekaribia, na watu wa mwalimu wanataka jibu wiki hii. Nikisema, nitampata rafiki yangu, ila kazi itakwisha, na bibi ataumia kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, uongo utapita na nitabaki humu ndani na televisheni. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Msiniambie niombe, nimeshaomba. Nijibuni tu, hata kwa ukali, maana sina mtu mwingine wa kumwuliza.