Dakika Nne za Mwalimu Cleophace

Sikuichoma flashi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi hapa Mkolani, kuanzia kwenye genge la Justa hadi kwenye ngazi za kanisa letu. Inasemwa kwamba mume wangu, Mwalimu Cleophace Rweyongeza, alikuwa na mwanamke Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kwamba alimtaja kwa jina katika sehemu ya mwisho ya ile tamthilia aliyokuwa akiitafsiri. Na kwamba mimi, kwa aibu, nilikata dakika nne za sauti yake kisha nikaitupa flashi kwenye jiko la mkaa. Katika maneno hayo yote, moja tu ni kweli. Dakika nne nilizikata.

Mume wangu alizaliwa Kamachumu, katika nyumba ya Kilutheri yenye migomba, kahawa na vitabu. Alifundisha historia kwa miaka thelathini na moja katika shule za sekondari za mkoa huu, akastaafu bila barua ya onyo hata moja. Mimi nilifundisha jiografia na nilimaliza nikiwa mkuu wa shule. Tulisomesha watoto wawili. Nayataja haya ili msomaji ajue ni nyumba ya namna gani inayozungumzwa kwenye genge la nyanya.

Aliingia katika kazi ile kwa hasira. Alikuwa ametoka kununua mkate, akapita kwenye kibanda cha video cha Ndalahwa, kijana aliyemfundisha zamani. Kwa asiyevijua vibanda hivyo: picha ya kigeni inaonyeshwa, sauti yake inapunguzwa, na dijei mwenye maikrofoni anawaeleza watazamaji kila kitu kwa Kiswahili. Yeye ndiye baba, yeye ndiye binti, yeye ndiye risasi na mlango unaofungwa. Sheria yake ni moja: asinyamaze. Dijei akinyamaza hata nusu dakika, watu wanagonga viti na kudai warudishiwe kiingilio.

Siku hiyo walikuwa wakiangalia tamthilia ya mashujaa sita wenye nguvu za ajabu, kila mmoja ametolewa katika zama zake, wanaosafiri ndani ya chombo kinachopita katika miaka ili kurekebisha mambo yaliyoharibika. Dijei akawatangazia watazamaji kwamba mashujaa wametua mwaka 1945, ambapo Wajerumani wanapigana na Wamarekani huko Tabora.

Mume wangu akaingiza kichwa mlangoni na mkate wake mkononi.

"Hapana! Hapana kabisa!"

"Mzee, lipa ukae, au pita zako."

"Hiyo ni vita ya kwanza, iliisha mwaka 1918. Na kofia hizo ni za Wafaransa. Tabora kuna Wafaransa gani?"

"Basi tafsiri wewe!" mtu mmoja akapiga kelele, na kibanda kizima kikacheka.

Ndalahwa akasimama. "Shikamoo mwalimu. Jamani, huyu alinichapa kwa ajili ya Vita vya Maji Maji."

"Marahaba. Na naona bado huvijui."

Wakampa maikrofoni kwa utani. Alirudi nyumbani saa moja jioni, mkate umebondeka, macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyepandishwa cheo. Miezi sita baadaye yule dijei alihamia Dar es Salaam, na Mwalimu Cleophace akachukua nafasi yake. Lakini hakukaa kibandani. Alirekodi nyumbani, ndani ya stoo, magodoro mawili ya zamani yakiwa yamefungwa ukutani ili majogoo wa jirani wasisikike. Flashi ikijaa, Ndalahwa anaifuata.

Sikufurahi. Sitasema uongo.

"Mwalimu mzima," nilimwambia, "mwenye cheti cha utumishi, unalia kama mwanamke ndani ya stoo?"

"Silii mimi, Ma Prudencia. Anayelia ni Kapteni. Mimi namsaidia tu."

Kapteni alikuwa mwanamke, ndiye aliyewaongoza wale sita. Chombo chao mume wangu alikiita kivuko. Alisema, kama sisi tunavyovuka kwenda Kamanga, ndivyo wao wanavyovuka kwenda mwaka fulani. Tofauti ni kwamba wao hawajui watakuta nini ng'ambo. Na kila shujaa alimtafutia sauti ya mtu wa kweli. Yule anayegeuka jiwe alimpa sauti ya mchungaji wa ng'ombe wa Kisukuma, nzito, ya taratibu, inayofikiri kabla ya kupiga. Mwizi aliyetubu aliongea kama mhubiri wa sokoni. Profesa aliyekitengeneza kivuko alikuwa Mhaya mtupu, hawezi kuomba chumvi bila kutaja chuo alichosoma. Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji yangu Nathaniel, na mji mzima uliitambua.

"Kila nikipita stendi wananiita Profesa!" Nathaniel alikuja kulalamika.

"Si ulikuwa unautaka uprofesa siku zote, Ta Nathaniel?" mume wangu alimjibu, kwa sauti ileile ya Nathaniel.

Sasa nifike Kamanga. Ni kweli kwamba kila Jumamosi mume wangu alivaa shati la kupigwa pasi, akapanda kivuko, akavuka, akarudi. Ni kweli pia kwamba maneno yalinifikia mapema. Jumamosi moja nilichukua mkoba wangu nikapanda kivuko kilekile. Sikwenda kupeleleza. Nilikwenda kuona.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi, karibu na mwanamke mnene mwenye ndoo mbili za dagaa. Mwanamke anacheka, yeye anaandika katika daftari. Yule mwanamke aliponiona nasimama mbele yao, alinitazama kuanzia viatuni hadi kilembani.

"Baba," akamwuliza mume wangu, "ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Shikamoo mama. Mimi Mhoja. Mimi ndiye yule wa moto." Aliona sielewi. "Yule dada anayetoa moto mikononi! Kicheko chake ni changu, baba amekichukua hapahapa kwenye ndoo. Watoto wangu wakimsikia wanasema, mama, umefika Ulaya. Hebu mama ongea kidogo nikusikie."

"Niongee nini?"

Mhoja akapiga makofi mpaka abiria wakageuka. "Ndiye! Ndiye kabisa! Hivyohivyo! Jamani, Kapteni kapanda kivuko!"

Nilisimama pale, mwanamke mwenye shahada, natazamwa na abiria mia, na ndipo nilipoelewa. Kapteni aliwaambia watu wake, "Kaeni vizuri kwanza, halafu mniambie uongo wenu." Hayo ni maneno yangu. Alisema, "Sirudii mara mbili." Nimeyasema hayo darasani miaka thelathini. Dunia inapokaribia kulipuka, aliwaambia, "Kuleni kwanza, shida haijawahi kukimbia." Nilikuwa nikiyasikia yote kupitia ukuta wa stoo nikidhani ni kelele tu.

Wakati wa kurudi nilimwuliza kwa nini. Alikuwa akitazama majabali ya upande wa mjini yakitukaribia.

"Nilikosa mtu mwingine wa kuwapa amri watu sita," akasema.

Huyo ndiye mwanamke wa Kamanga. Mhoja yupo hai, anauza dagaa mpaka leo, mwenye swali akamwulize.

Mwaka jana koo lilianza kumsumbua. Kwanza sauti ya Profesa ilikwaruza, kisha ya yule wa jiwe ikapotea kabisa, akawa anamtafsiri kwa kunong'ona, na watazamaji wakasema shujaa wa jiwe amekuwa mpole. Kuna waliosema amerogwa kwa sababu ya kuigiza sauti za watu. Upuuzi. Daktari alieleza kwa jina lake la kitabibu, na akasema: mzee, nyamaza, kila neno unalolisema sasa unalikopa. Ilikuwa imebaki sehemu moja tu ya tamthilia ile, ya mwisho kabisa.

Nilimkataza. Niliichukua maikrofoni nikaifungia kwenye droo ya vyeti.

"Kibanda kizima kinangoja," alinong'ona.

"Kibanda kizima hakitakuuguza."

Jumapili ya Matawi nilikwenda ibadani. Niliporudi, na tawi langu mkononi, nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha stoo, shati limelowa jasho, droo yangu iko wazi. Nilianza kugomba. Akanitazama akitabasamu, akafungua mdomo kunijibu, na hakikutoka kitu. Hakikutoka tena. Wiki tisa zilizobaki alizungumza nami kwa daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, na Juni tulimpeleka Kamachumu, akalala kati ya migomba ya baba yake.

Baada ya matanga Ndalahwa alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, pole. Naona haya kusema. Watu wananiuliza ile ya mwisho. Wamengoja tangu Machi."

"Nitaisikiliza kwanza," nikamwambia.

Niliisikiliza mchana, nimefunga milango. Katika sehemu hiyo mashujaa wamemaliza kazi yao na kila mmoja anarudishwa katika zama zake. Sheria yao ilikuwa kwamba mtu haruhusiwi kurudi katika siku ya maisha yake mwenyewe, maana atataka kuibadilisha. Lakini Kapteni, kwa kuwa ameokoa wengi, anapewa siku moja. Asimame ng'ambo ya barabara. Atazame tu. Akisema neno lolote, siku hiyo inafutika. Basi anachagua siku ya kawaida kabisa, anasimama, anatazama nyumba yake, taa imewaka, mtu wake anapita dirishani na sahani. Dakika nne hasemi neno, hakuna muziki, upepo tu.

Dijei yeyote angeijaza nafasi ile kwa utani, angesimulia mechi ya jana. Mume wangu naye hakunyamaza. Aliijua sheria ya kibanda. Lakini hakusema kwa sauti ya Kapteni, wala ya Profesa, wala ya mtu yeyote wa kivukoni. Alisema kwa sauti yake, ile kidogo iliyokuwa imebaki, na hakuwa akisema na kibanda.

Nilizikata. Mwanangu Celestina alinielekeza kwa simu kutoka Dodoma namna ya kufanya kwenye kompyuta, bila kujua nakata nini. Nilimkabidhi Ndalahwa sehemu iliyobaki, na Jumamosi iliyofuata kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Dakika zile zilipofika, sauti ikakatika. Ndalahwa alinieleza baadaye. Waligonga viti. "Sauti! Sauti!" Kisha mmoja akasema mwalimu hajawahi kunyamaza, kwa hiyo hapa kuna kitu kimefichwa. Kufika jioni, kitu hicho kilikuwa mwanamke. Kufika Jumatatu, mwanamke alikuwa na nyumba Kamanga na watoto wawili.

Ndalahwa alirudi, mara hii na shemeji Nathaniel.

"Mama, nipe hizo dakika," Ndalahwa aliniomba. "Wasikie mara moja tu, wafunge midomo. Jina la mwalimu linachafuka na mimi ndiye niliyelipeleka pale."

"Ni kweli hakuna ubaya ndani yake?" Nathaniel akauliza.

"Hakuna."

"Basi toa! Unangoja nini? Jina hilo si lako peke yako, Ma Prudencia. Ni la ukoo."

"Jina ni la ukoo," nikamwambia. "Sauti ni yangu."

Aliondoka bila kumaliza chai. Namwelewa. Yeye anatembea stendi, mimi nakaa ndani. Na mimi, niliyelinda jina hili miaka arobaini na miwili, niliyewakataza watoto hata kula njiani, nimelala siku nyingi nikipima: dakika nne tu zingewanyamazisha wote. Ndiyo maana nimeandika haya badala ya kuzitoa. Aliye na akili yatamtosha.

Ndalahwa bado anarudia misimu ya zamani, kila siku saa kumi. Genge la Justa liko ukuta kwa ukuta na kibanda chake. Nimekuwa mnunuzi mkubwa wa nyanya. Nachagua moja moja, nazigeuza, nazirudisha, wakati upande wa pili Kapteni anawafokea watu wake kwa maneno yangu na kwa pumzi ya mume wangu.

"Mama, za jana zimekwisha zote?" Justa aliniuliza juzi. "Si unaishi peke yako?"

"Nipimie nyingine," nikasema. Kapteni alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa akiwaambia, kuleni kwanza. Nyumbani nina nyanya zinazooza kwenye sinia, na mimi mwenyewe sizipendi sana; yeye ndiye aliyezipenda, mbichi, na chumvi.

Flashi ipo kwenye droo ya vyeti. Najua haichakai kwa kusikilizwa, nimesoma. Hata hivyo nimezisikiliza dakika zile mara moja tu, na kila asubuhi napita mbele ya droo ile nikijua kwamba mara ya pili bado ninayo.

Mhoja alikuja kunihani kwa kuchelewa, na dagaa kwenye gazeti. Yeye pekee hakuniuliza. Wengine wote wameuliza: mchungaji kwa upole, Celestina kwa machozi, Nathaniel kwa barua. Jibu langu kwao ni hilihili, na kwa msomaji pia. Mume wangu alikuwa mtu safi. Alichosema katika dakika zile alikisema kwangu. Sitakieleza.