Nani Alimuacha Henri

Sentensi moja tu ilitosha kumtoa Christelle ofisini kwa mwalimu wake.

Siyo tusi. Siyo barua ya kufukuzwa. Sentensi aliyoiandika mwenyewe, ukurasa wa arobaini na moja wa mémoire yake.

Nawasimulia kama alivyonisimulia, na ameniruhusu.

Christelle alikuwa mwaka wa mwisho wa historia, hapa Kindu, mashariki mwa Kongo. Mémoire yake, ile kazi ya kumalizia masomo, ilihusu familia zilizokimbia mji wakati wa vita, mwaka 2002, zikafuata reli kwa miguu kuelekea Kibombo. Alihoji watu kumi na wanane. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, Joséphine, mkulima wa mihogo wa mtaa wa Mikelenge.

Binti alikuwa na kichwa, hilo hakuna anayebisha. Shida ilikuwa kalamu. Aliandika Kifaransa kirefu, kizito, maana aliamini kwamba msomi anayeeleweka haraka hajasoma sana.

Aliyemwongoza, Assistant Bulaimu, mwalimu msaidizi wa chuo, hakuwa mtu wa kelele. Alisoma kurasa kumi za kwanza, akamwomba afunge daftari na amweleze kwa Kiswahili alichotaka kusema.

Christelle akaeleza. Dakika mbili, kwisha.

"Njo hiyo uandike," Bulaimu akamwambia, yaani ndiyo hiyo hiyo. "Kwanza muntu. Kisha kile alifanya. Ingine itafuata."

Wakaingia kazini. Palipoandikwa kwamba kulifanyika zoezi la uhamaji wa wakazi, wakaandika: wakazi walikimbia. Palipoandikwa kwamba upatikanaji wa chakula ulikumbwa na vikwazo, wakaandika: watu walikula mizizi ya porini.

Kurasa kumi zikawa sita. Christelle akaanza kuionea raha. Akisoma kwa sauti, alikuwa kama anawasikia wale watu wenyewe wakiongea.

Hadi ukurasa wa arobaini na moja.

Hapo aliandika, kwa Kifaransa chake kizuri, maneno ambayo maana yake ni hii: katika mazingira ya ukosefu wa usalama, kulishuhudiwa tukio la kuachwa kwa mtoto mmoja mgonjwa kando ya reli.

Bulaimu akapiga mstari chini ya "kuachwa", akauliza ni nani aliyemwacha.



Christelle alilijua jibu. Mtoto yule alikuwa Henri, kaka yake, wa miaka minne. Na aliyemwacha, kama familia nzima ilivyosema tangu yeye anapata akili, ni Okito, baba yake.

Ndiyo maana Okito hakuwa na nafasi kwao. Wajomba walimfukuza, akaenda Punia kuchimba madini. Alirudi mara moja tu, Christelle ana miaka kumi na tatu. Alisimama nje ya ua, kitambaa cha kushonea gauni mkononi. Christelle akamwangalia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Miaka mitatu baadaye shimo lilimfukia huko huko Punia. Hakuna aliyetoka Mikelenge kwenda kumlilia.

Alimweleza Bulaimu yote haya, akaomba sentensi ibaki ilivyo, kwa heshima ya mama.

Bulaimu akauliza kama mama mwenyewe, kwenye mahojiano, alitaja jina.

Christelle akafungua daftari. Mama alikuwa amesema mutoto aliachwa. Mara tatu. Jina hakuna.

Hapo ndipo alipotoka ofisini.

Alimkuta Joséphine uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akamwuliza polepole, baba alifanya nini hasa siku ile.

Mchi ukasimama.

"Baba yako alikuwa mbele na mizigo," Joséphine akasema. "Hakukuwa pale."

Christelle hakuelewa.

"Wewe ulikuwa mugongoni, miezi sita. Henri mukononi, homa inamuunguza, miguu haitaki. Siku ya pili nikasikia masasi ya bunduki nyuma yetu. Mikono ikakataa. Nikamulaza kwenye majani, nikamufunika kitenge. Nikamwambia narudi."

Akatazama ndani ya kinu.

"Njo mimi, Christelle. Mimi nilimuacha."

Mengine aliyatoa kidogo kidogo. Okito aliposikia, alitupa mizigo akarudi mbio. Alimkuta mtoto ameshakata roho. Akamzika peke yake, kwa mikono na sahani ya bati, akamfikia mkewe kesho yake.

Walipofika Tunda, kijiji walikokimbilia, kaka mkubwa wa Joséphine, Blaise, akauliza mbele ya watu ni nani mwenye roho ya kuacha mtoto porini. Joséphine akafungua mdomo. Okito akamwahi. Akasema ni yeye.

Blaise akampiga. Joséphine akanyamaza.

Siku ile hakuweza. Iliyofuata aliona aibu. Baada ya hapo siku zikawa miaka.

"Nilizani nitasema kabla hajakufa," alimwambia binti yake.

Siku mbili Christelle alipika, mama akala, basi. Hakujua amkasirikie nani, mama au yule msichana wa miaka kumi na tatu.

Siku ya tatu Joséphine alikuja pale anapoandikia, akamwambia aandike.

Bulaimu alishauri wabadilishe majina, kama walivyofanya kwa mashahidi wengine. Joséphine akakataa. Alisema Okito alibeba kwa jina lake, na yeye atabeba kwa lake.

Ukurasa ukabadilika. Joséphine alimwacha mwanawe Henri kando ya reli. Okito, mumewe, alirudi akamzika, kisha akasema yeye ndiye aliyemwacha.

Christelle hakuongeza chumvi.

Siku ya kutetea kazi, mjomba Blaise alikuja na koti lake la Jumapili. Christelle aliposoma ukurasa ule, mzee aliinamisha kichwa, akabaki hivyo. Joséphine alikaa wima pembeni yake, mikono magotini.

Kisha mmoja wa majaji, profesa Odette, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Kaburi la mtoto liko sehemu gani ya reli?

Christelle alitazama karatasi zake. Hakukuwa na kitu.

"Baba yangu njo alijua, yeye peke yake," akajibu. "Alikuja kwetu. Mimi nilimufungia mulango. Sikumuuliza."



Christelle alipewa distinction, alama za juu. Ukimpongeza, anashukuru kwa adabu na kubadilisha maongezi.

Wewe unayeandika kazi ya shule, ripoti, hata historia ya ukoo wako: weka mtu kwenye sentensi. Sema nani alifanya nini. Na uliza mapema, wenye majibu wakiwa bado wanapumua.

Christelle aliandika vizuri. Alichelewa tu.