Askari wa Sinema na Askari Wangu

Miaka ya hamsini, Jumapili moja alasiri, kiwanda alichofanyia kazi mume wangu hapo Thika kilituonyesha sinema bure. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi, tukabanana kwenye mabenchi. Mume wangu alikuwa amerudi karibuni kutoka vita vya Malaya, huko Asia, alikopelekwa na jeshi la Waingereza, nami nilikuwa na dukuduku langu: tangu arudi hakuwahi kumbeba mtoto wetu. Kila nikimpa, alikuwa na kuni za kupasua. Nilishaanza kuamini hampendi, na moyo uliniuma.

Sinema yenyewe ilikuwa vituko. Zimwi lenye mikono kama mizizi ya mkuyu lilishuka kutoka angani, askari wakalimiminia risasi. Risasi hazikufanya kitu, nao wakazidi kufyatua, wakipiga kelele kama watu wanaofukuza nyani shambani. Hakuna aliyeshinda njaa, hakuna aliyelia, na mkubwa wao alivuta sigara mpaka zimwi likafa. Tulicheka tukashika mbavu. Mwishoni askari mmoja akarudi nyumbani na shati lake chafu vile vile, akambeba bintiye, akambusu.

Hapo mume wangu akasimama, akatoka. Nikamfuata nje nimekasirika, maana majirani walikuwa wakitutazama. Akaniuliza, "Yule ameua, na anashika mtoto hivyo hivyo?"

Nikamwambia lile lilikuwa zimwi tu.

"Wangu walikuwa watu," akasema.

Hasira zikaniisha. Kwetu Ukambani, aliyeua vitani hakugusa mtoto mpaka atakaswe kwa ng'ondu, maji ya majani ya dawa ambayo wazee humnyunyizia. Lakini sisi tulikuwa watu wa kanisa. Mchungaji alikuwa ameyakataza, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuyataja.

Kesho yake nilikwenda kwa mama mkwe, mashariki ya Thika.

"Mwaitu," nikamwambia, kama tuitavyo mama, "leta ng'ondu. Mchungaji niachie mimi."

Alikuja na mzee mmoja, kazi ikafanyika asubuhi nyuma ya nyumba. Habari hazikukawia kufika kanisani, nikatengwa na meza ya Bwana kwa muda mrefu kuliko walevi. Sikujali. Asubuhi ile, kabla maji hayajamkauka, mume wangu alinyoosha mikono, nami nikampa mwanawe. Alimshika vibaya, kama aliyepewa chungu cha moto. Mtoto akalia, lakini baba yake hakumrudisha kwangu.