Usingizi Alioulala Kabiro

Sijui kama mtu ana haki ya kuonea wivu usingizi, lakini mimi niliuonea, na sitaki kuandika uongo.

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Alipigana ng'ambo ya mpaka, akarudi mzima, Mungu asifiwe. Lakini hapa kwetu Gatwekera halali sawasawa. Kiti chake lazima kitazame mlango. Kifuniko cha sufuria kikianguka, ameshasimama. Miaka yote nimejiambia ni vita vilivyomharibia usingizi, si mimi.

Jumapili iliyopita wenzake wa kikosi walikutana Kabiro, kwenye kiwanja nyuma ya ploti anakopanga mmoja wao. Wanaume sita, hawajakutana wote pamoja kwa miaka. Mimi na mke wa mwenyeji tulisonga ugali, wao wakachoma nyama.

“Umenona hivi, siku hizi nani angekubeba?” mmoja akamwambia mume wangu.

“Hata ile siku ulinibeba vibaya! Kichwa kiligonga kila jiwe.”

Wakacheka mpaka machozi. Kubebwa? Mimi sijawahi kuambiwa alibebwa. Niliendelea kukatakata kachumbari, na nafikiri nilizidisha pilipili.

Nilipopakua, yule aliyembeba hakuketi. Alisimama pembeni, ametupa mgongo, anaangalia njia. Nikampelekea sahani.

“Asante shem, lakini bado. Niko zamu.”

“Zamu ya nini, na hapa ni Kabiro?”

“Ya simu zetu!”

Wakacheka tena. Mke wa mwenyeji akaninong'oneza kwamba wako hivyo kila wanapokutana: mmoja hali mpaka mwenzake amalize ampokee. Hata hawapangi.

Basi mume wangu aliposhiba alijinyoosha kwenye nyasi, mgongo ukielekea barabarani, akalala. Akakoroma! Watoto walipiga mpira karibu naye, pikipiki zikapita, hakushtuka. Nilimtazama yule mwanamume aliyesimama, nikamchukia vile ningemchukia mwanamke wa nje. Niseme haki yake: hakunikosea kitu. Ndiye aliyenitafutia kiti, na bila yeye labda ningekuwa mjane. Nilimchukia tu.

Tukirudi nikamuuliza mume wangu, “Mbona kwangu hulali hivyo?”

“Pale kuna mtu anaangalia.”

“Na mimi je?”

“Wewe hulala kabla yangu.”

Ni kweli. Nafua nguo za watu, nikifika kitandani nimekwisha.

Jana mchana sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kile kiti chake, nikatazama nje, sinia ya maharagwe mapajani.

“Mama, hicho si kiti changu?” mume wangu akaniuliza.

“Lala. Niko zamu.”

Alicheka kidogo. “Unalinda nini?”

“Simu yako.”

Nikasikia kitanda kikilia. Sikugeuka, kwa sababu yule wa Kabiro hakugeuka. Jirani akapita na mtungi wake.

“Niaje mama, unangoja nani?”

Nikamwonyesha kwa kidole anyamaze.

Sikusikia kukoroma. Huenda alikuwa macho anatazama ukuta, ananihurumia tu, na sitaki kujidai nimeweza alichoweza yule. Maharagwe yalipokwisha kuchaguliwa niliyachanganya tena na takataka zake, nikaanza upya.