Masomo ya Kiingereza Kupitia Ukuta wa Jikoni

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule ikaishia hapo, darasa la tatu. Nikaanza kubeba ndizi kichwani kutoka Kinyala hadi Tukuyu mjini. Hakuna aliyenionea huruma, na mimi sikujifunza kumwonea mtu.

Juzi juzi, kwenye uzee huu, wanunuzi wa parachichi wakaanza kuniletea mikataba ya Kiingereza. Nikasema karatasi yangu sisomewi na mtu. Mke wa mwanangu wa kwanza ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, na tulikuwa tunakaa naye uwanja mmoja hapa Makandana. Shida ni kwamba kwetu Wanyakyusa, mkwe haonani na baba mkwe wake. Akinisikia nakohoa anajitenga, anajifunika kitenge. Wengi wameacha. Mimi sijaacha. Geti liko mbele ya baraza ninapokaa, kwa hiyo kila asubuhi alipitia nyuma, kwenye migomba, na mvua ya huku mnaijua. Alifika shuleni sketi imelowa hadi magotini, wanafunzi wakimcheka.

Akamtuma mke wangu kwangu: atanifundisha, ila nikishaelewa nimtolee ng'ombe, mwiko uishe, naye apite getini kama watu. Nikakubali. Ila ng'ombe atatoka siku nitakayopata ishirini kwa ishirini kwenye jaribio lake.

Akawa anafundisha akiwa jikoni, mimi nje kwenye kigoda, mke wangu anapitisha daftari dirishani. Somo lililonitesa ni la kuchagua maneno: lipi linasema kitu kilivyo, lipi linasema kitu kilivyofanywa. Duka likiwa wazi ni open, ukiandika opened umekosa. Likifungwa ni closed, na ukiandika close umekosa tena. Alifundisha vizuri, hilo simnyimi. Alinitungia mifano ya shambani, parachichi bichi na parachichi lililochumwa. Mwezi wa pili nilikuwa nimeelewa yote.

Nikaendelea kukosea. Kumi na saba naandika sawa, matatu nayaharibu kwa makusudi. Ng'ombe ninao, ningempa. Lakini mtu aliyezoea kukupisha, ukimwachia njia leo, kesho anakusalimia amesimama. Siku moja nilimsikia akimuuliza mke wangu, sauti imechoka, ni wapi hajanielekeza vizuri. Kesho yake nikaharibu matatu mengine. Masika yote alipita kwenye matope.

Kisha akaja wakala wa wanunuzi na mkataba. Nikausoma barazani kwa sauti, mstari kwa mstari, na nilipokuta wakala ameandika vibaya neno la aina ileile nikamkosoa mbele ya watu. Sifa zilinipanda kichwani. Jikoni sufuria zikanyamaza.

Mkwe wangu akatoka. Hakujifunika. Akapita mbele ya baraza hadi getini, akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

“Baba, leo umepata ishirini.”

“Nazipata tangu mwezi wa pili,” nikamwambia. “Haya, rudi ukapite migombani.”

Hakurudi. Jumamosi mwanangu akaleta gari la kukodi, wakapakia kitanda na watoto, wakaenda kupanga Kisiba. Mke wangu akafuata kuwasaidia wajukuu. Alisema wiki mbili. Ni mwaka sasa.

Leo nina ekari sita za parachichi, ekari mbili za chai, ng'ombe wa maziwa tisa, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba saba, tangi la maji, pikipiki moja, hati za viwanja vitatu kwa jina langu, na mbwa wawili.